ELIMU YA BIASHARA IANZIE KARIAKOO

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Kutoka hapo mpaka Soko la Kariakoo ni mwendo mfupi wa miguu. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu wako vijana wanaopanga masomo ya shahada ya biashara ya kimataifa kana kwamba biashara hiyo iko ng'ambo tu.

Sivyo. Katika mitaa ya Kongo na Msimbazi hufunguliwa shehena kutoka China, na wanunuzi hutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo. Hapo pana fedha za kigeni, bima, forodha na uchukuzi.

Basi miaka mitatu ya shahada ipangwe vipi? Sisi twaona mwaka wa kwanza uwe wa hesabu. Tuchukue mfano: mtu amenunua mali kwa dola 10,000, nauli ya meli ni 1,500 na bima 150. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki hautozwi juu ya bei ya mali peke yake, bali juu ya jumla ya vyote vitatu, yaani dola 11,650. Kwa kiwango cha asilimia 25, ushuru ni dola 2,912.50, wala si 2,500. Asiyejua hayo amekwisha pata hasara kabla hajauza.

Mwaka wa pili uwe wa sheria: mikataba, hati ya shehena, na hati ya asili ya bidhaa, ambayo huiwezesha mali iliyotengenezwa Kenya au Uganda kuingia nchini bila ushuru huo. Mwaka wa tatu uwe wa masoko na lugha, Kifaransa na Kichina zikiwa mbele. Likizo nazo zitumike dukani au kwa wakala wa forodha.

Yuko atakayesema kwamba wafanyabiashara wengi wa Kariakoo hawana shahada. Ni kweli, lakini wengi wao elimu hiyo wameilipia kwa hasara. Mfanyakazi anayejinyima ili amlipie mwanawe karo hana mtaji wa kupoteza mara mbili. Ana haki ya kumwuliza, kwa kila somo alichaguapo: Je, hili litakufundisha kazi gani?