Mlango wa Sebuleni: Biashara ya Vyumba vya Kifahari Kutoka Mwadui Hadi Geita

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, na kwenye orodha ya bei kilikuwa cha juu kuliko vyote. Kochi la ngozi, runinga mbili, friji ndogo yenye maji na soda, sinki la kuogea la kujilaza, kitanda cha sita kwa sita chenye chandarua cha duara. Kati ya kochi na kitanda palikuwa na tao la plasta lililonakshiwa vizuri, lisilo na mlango wala pazia. Saa mbili usiku nilifikiwa na mzee mmoja anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, akiwa na mkwewe. Walifika kizingitini, wakakiona kitanda, wakarudi nyuma hatua moja. Mzee akasema tushuke tu chini. Huko chini ndiko iliko baa, na muziki ulikuwa umeshakolea. Mazungumzo tuliyamalizia ndani ya gari lake, vioo vikiwa vimefungwa.

Ilikuwa Geita, wiki ya maonyesho ya madini. Hoteli yenyewe sitaitaja, kwa sababu ningeweza kusimulia habari hiyohiyo kwa Kahama au Shinyanga. Nililipia sebule, nikaitumia kama ujia wa kwenda kitandani.

Nimeanza na tao hilo kwa kuwa naamini linaeleza biashara ya hoteli za ukanda huu kuliko idadi ya vyumba au rangi ya marumaru. Fedha imemwagwa kwenye vitu vinavyoonekana pichani, na kilichosahaulika ni namna watu wa huku wanavyopokea wageni. Kwetu chumba chenye sebule yake kina kazi inayoeleweka hata na mtu asiyewahi kulala hotelini: mkwe haoni kitanda. Mgeni wa heshima hakaribishwi unapolala. Mwenye hoteli akijenga sebule halafu akaiacha wazi kuelekea kitandani, mteja analipa bei ya vyumba viwili na kupata kimoja.

Ili kuelewa tulifikaje hapa, inabidi kuanzia Mwadui, mahali ambapo kwa miaka mingi hoteli haikuhitajika kabisa. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi hapo mwaka 1940 na kujenga mji mzima kuzunguka mgodi, wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Mgeni wa mgodi alikuwa mgeni wa kampuni, akilala ndani ya uzio na kula ndani ya uzio. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukawa wa ubia kati ya Serikali ya Tanganyika na De Beers, nusu kwa nusu. Baadaye ukataifishwa, De Beers wakarudi mwaka 1994 na hisa 75 kwa mia, kisha Petra Diamonds wakanunua hisa hizo mwaka 2009. Katika mabadiliko yote hayo uzio ulibaki, na pamoja nao desturi ya kampuni kuwalaza watu wake yenyewe.

Biashara ya malazi ikaota nje ya geti. Maganzo, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, una gesti za madalali wa almasi, mafundi na madereva. Anayetaka nafasi zaidi huenda Shinyanga mjini, mwendo wa nusu saa kwa gari, kwenye hoteli kama Karena, Vigimark na Empire. Hoteli hizo zinaishi kwa semina, harusi na mikutano ya taasisi kuliko zinavyoishi kwa almasi yenyewe, na nadhani hilo limeziokoa. Aprili 2020 mgodi wa Mwadui ulisimama kwa sababu ya korona, ukarudi kazini mwaka uliofuata. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope likapasuka, na uzalishaji ukasimama tena hadi katikati ya 2023. Mwenye gesti aliyetegemea geti moja alifungiwa geti mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Halafu kuna hesabu hii, ambayo kila anayetaka kukopa benki ili ajenge hoteli jirani na mgodi anapaswa kuitazama. Oktoba 2022, huko Hong Kong, jiwe moja la waridi lenye karati 11.15, lililobeba jina la Williamson, liliuzwa mnadani na Sotheby's kwa dola milioni 57.7. Mwaka 2025 Petra waliuza sehemu yao yote katika mgodi wa Mwadui kwa kiasi kisichozidi dola milioni 16. Jiwe moja lilikuwa na thamani kubwa kuliko sehemu ya mgodi aliyokuwa nayo mbia mkuu. Bei ya almasi ghafi imeshuka, na mawe yanayotengenezwa maabara yamejaa sokoni. Kwa sasa Maganzo haihitaji chumba cha kifahari. Inahitaji chumba safi chenye choo na bafu ndani na maji yasiyokatika.

Habari ya dhahabu ni nyingine. Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000, na joto lake linasikika kuanzia Kahama hadi Katoro. Mgodi wa Geita wa AngloGold Ashanti unachimba tangu mwaka 2000, Bulyanhulu unafanya kazi, na Buzwagi uliofungwa mwaka 2021 eneo lake linageuzwa kuwa ukanda wa viwanda. Juu ya hayo kuna bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga na reli ya kisasa ya Isaka–Mwanza yenye kilomita 341, miradi iliyoleta wahandisi wanaokaa miezi. Na wapo wachimbaji wadogo. Duara, yaani shimo la kuchimbia, likitema, mwenye duara hulala mjini, na akilala mjini hataki chumba cha kawaida.

Kwa hiyo mteja wa chumba cha juu yupo, ila si mmoja. Mwenye duara na mnunuzi wa dhahabu wanataka sebule ya kuzungumzia, kabati la chuma lililofungwa ukutani na mlango unaofungika. Mhandisi wa mkandarasi anataka meza ya kazi yenye soketi karibu, intaneti isiyokwama, mahali pa kufulia ovaroli zenye vumbi jekundu, na ikiwezekana jiko dogo, kwa kuwa baada ya wiki tatu chipsi kuku zinamchosha. Maharusi wanataka sinki la kujilaza na maua, tena usiku mmoja tu, na mara nyingi chumba chao ni zawadi ya ukumbi waliokodi. Hoteli nyingi zimejengwa kwa ajili ya maharusi, ambao ndio wanaolipa kidogo kuliko wote.

Mtumishi wa umma naye ni mteja mkubwa, ingawa si wa vyumba hivi. Julai 2022 Serikali ilipandisha posho ya safari za kikazi, kiwango cha juu kikitoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku na cha chini kikitoka 80,000 hadi 100,000. Ukitaka kujua kwa nini bei za vyumba vya kawaida katika mji wa mkoa zinafanana, posho hiyo ina sehemu kubwa ya jibu. Afisa hawezi kuimaliza yote kitandani wakati ana ada za shule za kulipa. Anachukua chumba cha kati, anadai risiti ya EFD, jioni anakunywa soda mbili au bia mbili.

Hapo ndipo baa inapoingia, na hakuna mwenye hoteli wa ukanda huu anayeweza kuizungumzia kwa dharau. Wakandarasi wa migodi hulipa kwa LPO, yaani hati ya kuagiza huduma kabla ya malipo, na LPO inaweza kukaa siku 60 au 90 kabla fedha haijaingia. Baa inalipa usiku huohuo. Mishahara ya wahudumu, luku, dizeli ya jenereta na nyama ya kesho asubuhi vyote vinatoka kwenye droo ya kaunta. Bia nayo haitoki mbali, kwa sababu kampuni za bia za TBL na SBL zote zina viwanda Mwanza.

Tuchukue mfano wa hoteli ya vyumba 30, vitatu kati yake vikiwa na sebule na kuuzwa shilingi 180,000 kwa usiku. Tuseme baa inauza chupa 500 usiku mmoja na kubakiwa na shilingi 800 kwa kila chupa: hiyo ni shilingi 400,000. Vyumba vitatu vya sebule vikijaa vyote huleta 540,000. Kikijaa kimoja huleta 180,000, na baa imekishinda maradufu. Mwenye hoteli akiona hesabu hii huongeza spika. Asichokiona ni kwamba spika hizo ndizo zinazoacha vyumba viwili vikiwa vitupu. Mhandisi anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la mgodi hatarudi mahali ambapo dirisha lilitetemeka hadi saa nane usiku. Wala halalamiki kwa mtu. Anamwambia mwenzake, na mwenzake anaiambia ofisi inayowakatia vyumba.

Dawa yake ni ya ujenzi, na mara nyingi haina gharama kubwa ikifikiriwa kabla ya msingi. Viwanja vya huku ni vipana. Baa inaweza kukaa nyuma kabisa au upande wa barabara, stoo na vyoo vikiwa kati yake na vyumba. Jenereta ihamie huko pia. Vyumba vya sebule viwe mwisho wa korido upande wa pili, mlango wa sebule ukifunguka kwenye korido na mlango wa kulala ukifunguka sebuleni, na choo cha mgeni kiwepo sebuleni ili mkwe asipitishwe kitandani kwenda kunawa. Kwa mnywaji asiyetaka kelele, kaunta ndogo karibu na mapokezi, viti sita, sato wa kukaanga na wali wa mchele wa Kahama, inatosha.

Na maji. Shinyanga ya zamani iliishi kwa bwawa la Ning'hwa na kusubiri mvua. Leo maji ya Ziwa Viktoria yanasukumwa kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Sinki la kujilaza katika nchi kavu ya Usukuma linatokana na bomba hilo, na pampu ikisimama siku mbili, tanki la hoteli ndilo linalosema kama kweli chumba kilikuwa cha kifahari.

Haya yote yangeweza kusubiri kama ushindani ungekuwa uleule. Haukubaki hivyo. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye kilomita tatu kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa. Zamani mtu aliyechelewa kivuko alilala Geita atake asitake. Sasa anaweza kumaliza kikao saa kumi jioni, akala chakula cha usiku Mwanza, kwenye hoteli ya Tilapia au Malaika, huku akitazama ziwa. Hoteli ya Geita inapimwa na Mwanza kila jioni, na Mwanza ina upepo wa ziwa ambao Geita haiwezi kuununua. Inachoweza kuuza ni ukaribu, ukimya na faragha kwa mtu mwenye kazi alfajiri.

Bei nazo zimewekwa wazi zaidi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni, na ile orodha ya dola iliyokuwa ukutani kwa ajili ya vyumba vya juu pekee imebadilishwa. Mchimbaji na mzungu wanasoma tarakimu moja kwa shilingi, na wanalinganisha.

Mara ya mwisho nikitoka Geita nilisimama kwenye kiwanja kimoja kando ya barabara ya Katoro. Kamba zilikuwa zimeshavutwa kwenye mambo, msingi haujachimbwa. Mwenye kiwanja alikuwa akibishana na fundi kuhusu baa: fundi aliitaka mbele, chini ya vyumba, ili kuokoa ukuta mmoja. Mwenye kiwanja alitembea hadi pembe ya mwisho, kama hatua 70 kutoka tulipokuwa, akachomeka mti ardhini, kisha akapaza sauti kuuliza kama tunamsikia.