Somo la kifungashio lianzie dampo

Rambo, ule mfuko mwepesi wa plastiki, lilipopigwa marufuku Tanzania Bara, tarehe 1 Juni 2019, vikapu vya ukili vilivyokuwa vimening'inizwa stoo kwa miaka vilishushwa, vikakung'utwa vumbi na kupelekwa sokoni. Havikudumu barabarani. Muda si mrefu kila genge lilikuwa na mifuko mbadala, ile laini kama kitambaa, na watu wakapumua. Wachache waliuliza imetengenezwa na nini. Mingi ni polipropilini, yaani plastiki iliyoyeyushwa, ikavutwa nyuzi na kugandamizwa. Kenya, ambayo marufuku yake ilianza tarehe 28 Agosti 2017, ilitangaza kuifungia mifuko hiyo nayo mwaka 2019. Tanzania ilichagua kuiwekea kiwango: isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, ili iwe na nguvu ya kutumika tena na tena.

Sheria zote mbili zilifanya kilicho ndani ya uwezo wa sheria, yaani kuondoa kitu mtaani. Kitakachoingia mahali pake ni lazima kibuniwe na mtu, na mtu huyo leo yupo kidato cha tatu, au yupo chuo cha ufundi, au anasubiri matokeo nyumbani. Swali langu ni nani anamfundisha.

Kwenye shule nyingi mazingira ni kazi ya klabu. Wanafunzi wanapanda miti, wanaokota taka Jumamosi ya usafi, na siku ya maonyesho wanapanga meza ya maua yaliyokatwa kwenye chupa za maji. Sina ugomvi na maua hayo, ila hayamsaidii mtu mwenye korosho za kuuza. Kubuni kifungashio ni kazi yenye vipimo, na ajabu yake ni kwamba vipimo vyenyewe vinawezekana hata shule isiyo na maabara ya maana.

Zoezi la kwanza linahitaji ndoo ya maji, chupa tupu ya maji ya kunywa na mkasi. Mwanafunzi aikatekate chupa vipande vidogo, afanye vivyo hivyo kwa kifuniko, kisha amimine vyote ndani ya ndoo na kukoroga. Vipande vya chupa vitazama. Vya kifuniko vitaelea. Kumbe alichokuwa akikiita "chupa ya plastiki" ni plastiki za aina mbili, na viwanda vya urejelezaji hutumia maji hayo hayo kuzitenganisha. Sasa aongeze vipande vya lebo. Lebo inayoelea itaenguliwa pamoja na vifuniko. Lakini zipo lebo za plastiki aina ya PVC ambazo huzama pamoja na chupa, zikaenda kuharibu malighafi yote. Mtu aliyeichagua lebo hiyo akiwa ofisini, pengine kwa sababu tu inang'aa, ndiye aliyeamua kwamba chupa ile haitarudi kuwa chupa. Mwanafunzi akishaliona hilo kwa macho yake, hotuba ndefu ya mazingira haitahitajika.

Zoezi la pili ni safari. Darasa lipelekwe dampo, Pugu Kinyamwezi kwa watoto wa Dar es Salaam, Dandora kwa wa Nairobi, na lisikilize waokota chupa. Hao ndio walimu wenyewe. Wanajua kwa kugusa tu kipi kina mnunuzi na kipi hakina: chupa za maji zinabebwa, maboksi yanabebwa, vyuma havilali. Pakiti ya krispi hairukii gunia la mtu. Ukiipasua utaona sababu: plastiki nje, ndani kuna mng'ao wa aluminiamu mwembamba mno, chini yake plastiki tena, na wino katikati. Kila tabaka lina kazi yake, moja likizuia hewa, jingine mwanga, jingine likishika moto wa mashine inapoziba. Ni ufundi mkubwa, lakini hakuna wa kuyabandua hayo matabaka akapata faida. Pakiti ndogo za plastiki zina historia yake hapa kwetu. Viroba vya pombe kali, vilivyopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Machi 2017, viliwahi kutapakaa kila stendi, na sikuwahi kumwona mtu aliyeinama kuviokota.

Hapo mtu atasema turudi kwa bibi. Tuna majani ya mgomba, tuna ukili, tuna katani ya Tanga, tuna vibuyu. Ninayapenda maneno hayo, ila ninayaogopa kidogo. Chukua pakacha. Mkwezi hukata kuti bichi, akayasuka majani yake yakashikana, na kabla jasho halijamkauka ana chombo cha kubebea maembe. Matundu yake hayakubaki kwa bahati mbaya: embe lililochumwa bado linapumua na kutoa joto, na ukilifungia kwenye nailoni litatoa jasho na kuoza. Pakacha likichoka linakwenda jikoni au kwenye shimo la mboji. Kwa maembe sijaona kitu cha kulishinda. Lakini weka korosho zilizokaangwa ndani ya pakacha hilo hilo uone. Korosho ina mafuta mengi, na mafuta yakikutana na hewa na mwanga huchacha. Dagaa waliokaushwa wanataka kukingwa unyevu. Unga unataka kukingwa wadudu. Kifungashio cha asili kinachoacha chakula kikaharibika si rafiki wa mazingira hata kidogo, maana shamba, maji, kuni na nauli vyote vimekwenda bure.

Ndiyo maana ninataka hesabu ziingie darasani pamoja na mkasi. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulichapisha utafiti uliolinganisha mifuko ya kubebea bidhaa. Mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika mara 52 ili mzigo wake kwa tabianchi ulingane na wa mfuko wa plastiki. Vigezo vyote vya mazingira vilipozingatiwa, idadi ikapanda hadi mara 7,100. Wapo waliozishika takwimu hizo kutetea rambo. Walisahau kwamba Denmark huchoma taka zake kwenye mitambo inayozalisha umeme na joto, na kwamba utafiti haukuhesabu mifuko inayozagaa ovyo, inayoziba mitaro ya Msimbazi au kuishia tumboni mwa ng'ombe. Mwanafunzi anayeweza kuisoma takwimu hiyo, akaikubali inapofaa na kuikatalia inapotoka nje ya mazingira yake, amekwisha kuwa mbunifu nusu.

Mfano wa nusu ya pili uko Kenya. Mwaka 2021 wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton walikuwa kwenye ziara ya masomo Ziwa Naivasha, boti yao ikanaswa kwa saa kadhaa ndani ya gugumaji. Ni gugu lile lile linalowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1980 inaishia. Mmoja wao, Joseph Nguthiru, alilifanya gugu hilo kuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho: alilikausha, akalichanganya na viungio vingine, akatengeneza vifungashio vinavyooza. Mradi ukazaa kampuni, HyaPak, na mwaka 2025 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ikamtaja miongoni mwa vijana vinara wake wa mazingira duniani.

Kinachonivutia zaidi katika kazi yake ni viriba vya miche. Kiriba cha nailoni lazima kichanwe siku ya kupanda, na mara nyingi huachwa pale pale shambani. Kiriba cha gugumaji kinafukiwa pamoja na mche. Kitu kilichokusudiwa kuoza kimewekwa mahali panapoozesha, kwenye udongo wenye unyevu na vijidudu, mikononi mwa mtu ambaye tayari ameshika jembe. Tofautisha na vikombe vinavyouzwa kwa jina la "plastiki inayooza", vile vya PLA, ambavyo hutengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Vinaoza, ndiyo, lakini ndani ya mitambo ya mboji inayofika nyuzi joto karibu 60. Ukivitupa mtaroni Manzese vitakaa kama plastiki nyingine, na mchuuzi ameuza kwa bei ya juu.

Tanzania ina nafasi nzuri sasa. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, imekuwa ikiwasaidia wajasiriamali wadogo katika mambo ya vifungashio kwa miaka mingi. Kilichobaki ni kazi halisi ya kumpa mwanafunzi, yenye mteja anayeweza kukasirika. Maonyesho ya sayansi hayana mteja wa namna hiyo.

Mteja huyo yupo, tena kwa shule nyingi amekaa langoni. Ni mama wa maandazi. Anafungia kwenye kurasa za madaftari yaliyotumika, wino unagusana na mafuta ya moto, na mtoto anakula vyote. Mwalimu amwalike darasani dakika kumi aseme anachotaka. Atasema karatasi inyonye mafuta bila kupasuka. Andazi lisitoke jasho likalowa. Gundi isiwe na harufu, na hapo mwanafunzi ajaribu uji mzito wa unga wa muhogo, maana ukikauka unashika vizuri sana. Mkono mmoja uweze kuufungua mfuko, kwa sababu wa pili umeshika chenji. Wanafunzi wapime, waloweshe, waangushe, wapige bei ya kila kipande. Kisha wampelekee mifuko yao saa nne, kengele ya mapumziko ikiwa imelia na foleni imefika kwenye ngazi, waone ataikubali mingapi na mingapi ataitupa chini ya meza.