Wageni Elfu Kumi kwa Baiskeli

Hebu fikirini hivi. Mwezi wa Januari mnapata habari kwamba ikifika Julai, siku fulani, watu karibu elfu kumi watapita kijijini kwenu wakiwa juu ya baiskeli, na wote wana njaa na kiu. Mtaanzia wapi? Huko Iowa, Marekani, hili si fumbo. Kila mwaka kuna vijiji na miji midogo inayopata habari kama hiyo.

Iowa ni jimbo la wakulima wa mahindi, soya na nguruwe. Mwaka 1973 waandishi wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Karras na Donald Kaul, waliamua kulivuka jimbo hilo kwa baiskeli na kuandika mambo ya njiani. Wakawaalika wasomaji waje nao. Walianza kama watu mia tatu, na 114 wakaenda njia yote. Kati yao alikuwa mzee Clarence Pickard, mkulima mstaafu wa miaka 83, juu ya baiskeli ya kike. Naye akafika! Wasomaji wakaandika barua wakitaka irudiwe. Tangu hapo safari hii, iitwayo RAGBRAI, hufanyika kila mwaka, ila mwaka 2020 haikuwako kwa sababu ya korona.

Ni siku saba, kutoka mto Missouri upande wa magharibi mpaka mto Mississippi upande wa mashariki, kilomita kama 700. Desturi yao ni kuchovya gurudumu la nyuma katika mto wa kwanza na la mbele katika mto wa mwisho.

Kwa siku moja mtu huenda kilomita 80 au zaidi, juani, na Iowa ina vilima vingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo mazoezi huanza miezi kabla. Anayeruka mazoezi atajua Jumatatu jioni, akishindwa hata kukaa kwenye kiti! Maji hunywewa kabla ya kiu kuja. Mizigo mizito na mahema hubebwa na lori, na mwendeshaji hubaki na maji, pampu na tyubu ya akiba tu. Aliyeshindwa njiani huchukuliwa na gari, na hakuna aibu.

Tena kuna adabu ya kwenda wengi. Huko hupita mkono wa kulia, basi anayetaka kumpita mwenzake humwambia kwanza kwamba anapita kushoto. Gari likionekana, wa mbele hupaza sauti, na neno hilo hurudi nyuma mtu kwa mtu. Ukitaka kusimama, toka barabarani kabisa, wewe na baiskeli yako.

Sasa upande wa wenyeji, ambao kwetu ndio mtamu zaidi. Njia hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo mji unaweza kukaa miaka mingi bila kupata zamu. Ukipata, kamati huundwa mapema: watu wa maji, watu wa vyoo, watu wa taka, watu wa kutafuta pa kulala. Wageni hupiga mahema kwenye viwanja vya shule, na wenye nyumba wengine huwakaribisha uani na kuwapa mahali pa kuoga. Akina mama wa kanisa huoka pai, yaani maandazi mapana yenye matunda ndani, na waendeshaji huzipenda sana. Wazima moto wa kujitolea huchoma nyama. Watoto wa bendi ya shule huuza maji. Pesa haziingii mfuko wa mtu mmoja, bali hurudi kanisani, shuleni au kwa wazima moto.

Lakini si pai tu. Mwaka 2004, katika kaunti ya Crawford, mwendeshaji mmoja alianguka kwenye ufa uliokuwa katikati ya barabara, akafa. Mwaka 2007 kaunti ililipa dola 350,000, kisha ikapiga marufuku safari hiyo kwenye barabara zake. Wenye maduka madogo wakapoteza wateja kwa sababu ya ufa. Baadaye marufuku iliondolewa, na mwaka 2018 waendeshaji walilala Denison, makao makuu ya kaunti hiyo hiyo.

Kikundi kinachofikiria safari yake ndogo, tuseme ya siku mbili kutoka parokia hadi parokia, kitume kwanza watu wawili waipite njia yote polepole, wiki moja kabla. Waandike kila shimo, kila daraja bovu na kila mahali penye maji safi. Mashimo mabaya yawekewe alama ya chokaa asubuhi ya safari, maana mvua ya usiku huifuta.