Nyanjani kwa Maana Mbili: Lugha na Uchaguzi wa Kambi Kando ya Ziwa

Katika kitivo chetu tunasema mwanafunzi "anakwenda nyanjani" anapotoka darasani kwenda kukusanya data. Lakini nyanja ni pia ziwa, eneo kubwa la maji, na ndugu za neno hili wametapakaa kwenye ramani: Nyanza, Nyasa, Nyanja. Anayesema "Ziwa Nyasa" kwa kweli anasema "ziwa ziwa". Kwetu sisi wa Lualaba maana hizi mbili hukutana mara nyingi, kwa sababu wasemaji tunaowatafuta huishi kando ya maji: wavuvi wa Ziwa Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi, wa Ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, wa maziwa ya Upemba. Sehemu nyingi za huko hazina nyumba ya wageni. Mtafiti hulala ndani ya hema, au ndani ya gari kama kikundi kimebahatika kupata gari.

Mimi ni mtoto wa Fungurume, mji wa shaba na kobalti, ambako magari makubwa ya migodi hupita usiku na mchana. Nimesafiri nyanjani na wenzangu mara kadhaa, na nimeona kwamba tunajiandaa vizuri kwa hojaji, vinasa sauti na betri, lakini mahali pa kulala tunapachagua jioni, jua likizama, kwa kuangalia uzuri wa mandhari. Makala haya yanaeleza namna ya kupachagua. Hoja yangu ni moja: mwongozo bora wa kuchagua kambi kando ya ziwa ni Kiswahili cha wenyeji, mradi tusikilize sarufi yake na si msamiati tu.

Kwanza, neno "kambi" lenyewe

Neno hili lina historia ndefu ya safari. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia ya misafara hadi Ujiji mwaka 1857 na 1858, aliliandika "khambi", akimaanisha kituo chenye uzio ambamo wapagazi walilala. Baadaye, hapa Katanga, Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga makazi ya wafanyakazi wake, na kambi ikawa mtaa wa kampuni wenye nyumba za safu. Kwa askari, kambi ni mahali pa jeshi. Huko Goma, mtu akisikia kambi hufikiria kwanza wakimbizi. Kwa wavuvi, kambi ni vibanda vya majira: watu huja samaki wanapopatikana, kisha huondoka.

Kwa hiyo mgeni anayemwambia shefu wa kijiji "tunatafuta kambi" amesema maneno manne kwa mpigo. Shefu anaweza kudhani umetumwa na kampuni inayotaka ardhi, na katika mkoa wenye migodi dhana hiyo si jambo dogo. Inaweza kufunga midomo ya kijiji kizima. Ni salama zaidi kueleza tendo kuliko kutaja jina: "Tunaomba mahali pa kulala siku nne, na hema mbili na gari moja, kisha tunarudi." Idadi ya siku na neno "tunarudi" huondoa hofu. Hakuna kusimika hema kabla ya shefu kujua.

Pa, ku, mu

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa ngeli za mahali. PA huonyesha mahali mahususi, KU huonyesha eneo la jumla au uelekeo, MU huonyesha ndani. Katika Kiswahili cha pwani tofauti hii hukaa hasa kwenye upatanisho: hapa pana maji, huku kuna maji, humu mna maji. Wasemaji wengi wa mjini hutumia "kuna" kwa yote matatu. Kiswahili cha Katanga kimeiweka tofauti hiyo mbele ya nomino, kama zinavyofanya lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka: ku mayi, mu mayi, pa mayi.

Kwa mtu anayetafuta pa kulala, hizi ni taarifa tatu tofauti. Ukiambiwa mamba anaonekana "ku majani", umeonyeshwa upande. Ukiambiwa "mu majani", umeonyeshwa ndani ya matete yale yale unayotaka kuyatumia kama kinga ya upepo. Msikilizaji aliyezoea kiambishi -ni cha pwani huandika "majanini" kwenye daftari, na tofauti hupotea. Ninashauri swali liulizwe mara tatu: Huku kukoje? Hapa pakoje? Humu mkoje? La kwanza huleta habari za eneo zima, kama usalama na barabara. La pili huleta habari za kiwanja chenyewe. La tatu huleta habari za kilichojificha majini na majanini.

Kiambishi kinachopima hatari

Kiswahili sanifu kina hu- ya mazoea: maji hufika hapa. Kiswahili cha Katanga huweka mazoea mwishoni mwa kitenzi, kwa -aka. Linganisha sentensi mbili: "Mayi ilifika apa" na "Mayi inafikaka apa". Ya kwanza inasimulia tukio lililopita, labda la mwaka mmoja wa mvua kubwa. Ya pili inasema ni kawaida. Vilevile "kiboko ilipita apa" na "kiboko inapitaka apa". Sentensi ya pili inakuambia kwamba umesimama kwenye njia yake. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na hurudi kabla ya mchana kupamba moto, mara nyingi kwa njia ile ile. Hema iliyosimikwa kati yake na maji imemzibia mlango.

Suala la maji kupanda lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu maziwa yetu ya karibu yametengenezwa na watu. Tshangalele lipo kwa sababu ya bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, ambalo kituo chake kilianza kutoa umeme mwaka 1930. Nzilo lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950, mto Lualaba ulipozuiwa ili kuzalisha umeme wa migodi. Katika ziwa la bwawa, ukingo hausimami mahali pamoja: hutegemea mvua, na hutegemea pia maji yanayotumika kituoni. Ukanda mpana wa udongo mtupu, tambarare na laini, unaoonekana wakati wa kiangazi na unaovutia kama kiwanja kilichosawazishwa, ni sakafu ya ziwa lililorudi nyuma. Panda juu ya mstari wa takataka na magogo yaliyoachwa na maji, kisha uliza kama maji hufikaka pale.

Hata maziwa ya asili hubadilika. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, maziwa Baringo na Naivasha yalipanda sana kufikia mwaka 2020, yakameza nyumba, barabara, hoteli na viwanja vya kambi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilivamia mitaa ya Uvira, Kalemie na Bujumbura. Hiyo ni miji yenye watu waliokaa ukingoni miaka mingi. Mgeni wa siku nne ana sababu zaidi ya kuuliza.

Majina yanayookoa

Mfano mkubwa kuliko yote unatoka Kivu. Katika eneo la Goma na ukingo wa kaskazini wa ziwa, watu wana neno "mazuku". Hutaja mahali palipoinama ambapo hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haionekani, na upepo ukitulia usiku hukusanyika shimoni. Mbuzi aingiaye hulala asiamke, na binadamu vivyo hivyo. Wanasayansi wa volkano waliliazima neno hili kutoka kwa wenyeji, na leo linaandikwa "mazuku" katika majarida yao. Ni gesi hiyo hiyo iliyotoka kwa wingi katika Ziwa Nyos, Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ikaua watu wapatao 1,700. Fikiria sasa mtafiti aliyefika ukingo wa Kivu, akakuta kibonde kizuri kilichokingwa upepo. Kila kanuni ya kawaida ya kupiga kambi ingemwambia alale pale. Neno moja la Kiswahili lingemzuia.

Nzilo na Tshangalele si maziwa ya volkano, na mazuku hayahusiki huko. Lakini tuna hatari ya nyumbani inayofanana nayo. Usiku wa Juni na Julai kwenye nyanda zetu za juu ni baridi, na mtu hushawishika kuingiza mbabula ndani ya hema au ndani ya gari. Makaa yanayowaka mahali palipofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Mbabula ibaki nje, hata ikionekana imezimika.

Neno jingine la kujua ni "dembo": bonde la nyasi lisilo na miti, ambalo udongo wake hushika maji. Wakati wa kiangazi dembo huonekana kama uwanja wa mpira, na dereva hufurahi. Mvua moja ikinyesha, gari huzama hadi ekseli. Hapa ndipo mahitaji ya hema na ya gari yanapoachana. Hema huhitaji mteremko mdogo ili maji yasituame chini yake, kinga ya upepo, na umbali kutoka kwa mti mrefu uliosimama peke yake, ambao huita radi. Gari lenye vitanda ndani, lile ambalo wengine huliita gari-nyumba, huhitaji udongo mgumu, mahali pa kugeukia, na njia ya kutoka inayopitika hata baada ya mvua. Ukipata kimoja tu kati ya viwili, acha gari kwenye ardhi ngumu barabarani kwa ruhusa ya mwenyeji, ubebe hema kwa miguu. Kuanzia Novemba hadi Aprili ningeishika kanuni hiyo bila mjadala.

Pale lugha inapofika mwisho

Si haki kudai kwamba wenyeji wameshataja kila kitu. Baadhi ya hatari ni mpya au hazionekani, na hazijapata jina. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha matokeo yaliyoonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini metali hubaki sufuriani. Dawa ya klorini nayo haiziondoi. Kwa hiyo, kando ya ziwa linalopokea mito itokayo migodini, chukueni maji ya kunywa kutoka mjini na myahesabu kabla ya safari, kama mnavyohesabu betri.

Kichocho nacho hukaa katika maji yaliyotulia yenye majani, ambako konokono wake huishi, na humwingia mtu kupitia ngozi. Anayeoga ukingoni saa za jua kali hujiweka hatarini zaidi. Choo kichimbwe mbali na maji, upande wa juu wa mstari wa mafuriko, hatua mia moja hivi kutoka ukingoni. Jambo hili si la afya yetu pekee: kipindupindu hurudi mara kwa mara katika makambi ya wavuvi ya maziwa ya Upemba na Tanganyika, na mtafiti asiwe yeye anayekipeleka.

Kambi na data

Wahadhiri wetu watauliza: haya yote yanahusu nini na isimu? Yanahusu, kwa sababu mahali tunapolala huchagua wasemaji wetu. Kiangazi kilichopita wenzangu na mimi tulilala karibu na mahali ambapo mitumbwi huegeshwa, pale ambapo wavuvi wa Tanzania wangepaita mwalo. Alfajiri tulipata sauti za wanaume waliorudi na samaki, misamiati ya nyavu na upepo, na utani mwingi. Sauti za akina mama tulizipata chache, kwa sababu njia yao ya maji ilipita upande mwingine wa kijiji. Mama mmoja aliyekuja kuuza mihogo ndiye aliyetueleza hivyo. Tulihamisha hema siku ya tatu, na rekodi zikabadilika. Kambi iliyo mbali sana na watu hutoa usingizi mzuri na data haba. Iliyo katikati ya kijiji hutoa data nyingi, lakini hugeuza kila mazungumzo kuwa maonyesho.

Napendekeza basi kila kikundi kifike kabla ya saa tisa alasiri, kisalimie shefu, kisha kiwaulize watu watatu wasiofanana: mvuvi, mama anayechota maji, na mzee, ambaye kwetu tutamwita papa kwa heshima. Maswali yawe yale yale, na majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, pamoja na ku, mu, pa na -aka zake. Ukurasa huo utakuwa umewaonyesha pa kulala. Utakuwa pia data ya kwanza ya safari, iliyotolewa na watu waliokuwa wanajibu swali la kweli, wakitaka mgeni wao aamke salama.