Neno la Mwanamaji Kabla ya Safari

Mwanamke mmoja alivuka na feri ya alfajiri kutoka Likoni, na kabla hajaketi vizuri alinikabidhi simu yake. "Wakili, sikiliza mwenyewe." Ilikuwa sauti ya mwanamume, na nyuma yake upepo mwingi na mlango wa chuma unaojigonga: "Nikipatwa na neno huku, nyumba ya Shika Adabu ni ya mama. Asitolewe na mtu." Basi, ikakatika. Mumewe alikuwa mwanamaji wa kambi ya Mtongwe, na kutoka Somalia hakurudi. Mama mkwe bado anaishi katika nyumba hiyo, na shemeji mmoja alikuwa ameshaleta mtu wa kupima vyumba.

Alitaka kujua kama sauti ile ni wosia.

Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inakubali wosia wa mdomo. Kifungu cha 9 kinataka mambo mawili: mtu autamke mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, watu wazima wenye akili timamu, kisha afariki ndani ya miezi mitatu tangu siku aliyoutamka. Miezi mitatu ikipita naye yu hai, maneno yake hayana nguvu tena.

Hapo ndipo sheria inapomtanguliza askari, kama feri inavyoitanguliza ambulansi. Mwanajeshi akitamka wosia wake akiwa katika utumishi wa vitani, kisha akafa katika utumishi huohuo, ile miezi mitatu haimhusu. Hata kama alitamka Januari na akafa Novemba, neno lake limesimama. Baharia wa meli za biashara naye amepewa haki hiyo, na kwa Changamwe na Likoni, ambako kuna nyumba nyingi zenye kijana aliye baharini, si jambo dogo.

Upendeleo huu ni wa kale mno. Warumi waliwalegezea askari wao masharti ya wosia tangu enzi ya Julius Caesar, Waingereza wakauweka katika sheria zao, na kwetu ukaja kwa njia hiyo. Naona ni haki tupu. Katiba yetu, ibara ya 24, inaruhusu mwanajeshi apunguziwe hata uhuru wa kukusanyika na faragha yake. Mtu aliyetoa hayo yote, kisha akapandishwa manowari usiku, hawezi kudaiwa awe na karatasi na mhuri.

Utumishi huo unaanza lini? Familia nyingi hudhani ni pale risasi zinapolia. Sivyo. Sheria inamhesabu aliyeko kwenye uwanja wa mapambano au baharini, aliye njiani kwenda au kurudi, na hata aliyekwisha kupewa amri ya kwenda lakini bado anangoja. Kwa hiyo askari wa akiba aliyeitwa tena jeshini yumo tangu siku alipopewa amri ya kuelekea huko, ingawa usiku huo bado analala kwake Kisauni. Polisi, pamoja na polisi wa akiba, hawakutajwa. Kwao miezi mitatu inabaki palepale, hata wakipelekwa msitu wa Boni.

Nikamrudia yule mjane. Sauti kwenye simu alitumiwa yeye peke yake. Inaweza kusaidia kama ushahidi, ila haiwezi kukaa mahali pa mashahidi wawili. Nikamuuliza: "Maneno haya aliwahi kuyasema mbele ya watu?" Akanyamaza kidogo. Kisha akakumbuka usiku wa kuaga. Amri ilikuwa imeshatoka, begi liko mlangoni, wamekaa barazani na kaka mkubwa wa mumewe na jirani wa nyumba ya pili. Aliyasema hayohayo, akirudia mara mbili, na jirani akamwambia aache kuongea mambo ya mikosi.

Usiku ule barazani ndio wosia, wala si ile simu.

Lakini kuna mtego. Mashahidi wakipingana juu ya kilichosemwa, mmoja akisema nyumba yote na mwingine akisema vyumba vya mbele tu, kifungu cha 10 kinaokoa kile tu kitakachothibitishwa na shahidi huru, yaani asiyerithi chochote katika wosia huo wala mwenzi wake wa ndoa harithi. Na marehemu akiwa ameacha wosia ulioandikwa ambao hakuufuta, wa mdomo hauwezi kuupinga, hata ukiwa ndio wa mwisho. Mke na watoto nao, wakiona wameachwa mikono mitupu, wana ruhusa ya kuiomba mahakama iwatengee fungu la kuwatosha.

Jambo la pili ni nyumba yenyewe. Bara letu la Mombasa limejaa nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Mwanamaji anaweza kuusia kuta tu. Kiwanja hakikuwa chake, na mama mkwe akiacha kulipa kodi hiyo, wosia wa mwanawe hautamkinga na mwenye ardhi.

Familia hii ni Wakristo. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Likoni, Sura ya 160 inaiachia sheria ya Kiislamu habari ya mirathi, na kesi huenda kwa kadhi. Huko madeni hutangulia, wasia hauvuki thuluthi moja, na mrithi mwenye fungu lake hausiwi zaidi ila warithi wenzake waridhie. Mama mzazi ni mrithi, kwa hiyo maneno yaleyale ya barazani yangeingia kwa kadhi yakiwa na uzito mwingine kabisa. Muislamu aliyeitwa kazini ni bora aache orodha ya madeni na amana za watu.

Familia za askari zilizopita ofisini kwangu hazikuwa zinakijua kifungu cha 9. Zinakuja na simu, zinakuja na machozi, na mashahidi wameshahamia mbali. Ndugu zangu, barua ya kuitwa ikifika, andikeni wosia siku hiyohiyo na mashahidi wawili watie sahihi. Muda usipotosha, semeni mbele ya watu wawili ambao hawarithi kitu, na mmoja wa nyumbani aandike tarehe na majina yao. Mahakama itayataka: ombi la usimamizi wa mirathi kwa wosia wa mdomo sharti litaje majina na anwani za mashahidi wote.

Nilimpa kalamu. Akaandika jina la shemeji yake mkubwa, kisha la jirani, akasita kwenye anwani. Jirani alikuwa amehama Likoni tangu mwaka jana. Akachukua simu ileile, akampigia mama mkwe kumuuliza alihamia wapi.