Udongo wa Musumba

Kwa Kiruund, musumba ni makao ya mfalme, Mwant Yav, na zamani kila mfalme mpya alijenga yake mahali pengine. Barabara haijawahi kupata bahati ya kujengwa upya mara nyingi hivyo. Kutoka Musumba ya leo hadi Kolwezi, kupitia Sandoa na Kasaji, sehemu kubwa ni udongo mwekundu, na masika dimbwi na shimo huwa kitu kimoja: maji unayaona, kina hukioni.

Mwezi wa pili tulizama katika moja. Gari letu, kama mengi ya Katanga yatokayo Japani, lina usukani kulia, nasi huku twaendesha kulia. Kwa hiyo dereva hukaa juu ya ukingo hasa, pale mashimo yanapoanzia. Kosa langu lilikuwa breki. Niliikanyaga mpaka ndani ya maji, pua ikainama, springi zikaingia shimoni zikiwa zimeshabanwa. Kishindo kilinifika kwenye meno. Tulishuka, tukazunguka gari: tairi limesimama, hakuna kinachovuja. Tukaendelea.

Kesho yake, kwenye gudroni, yaani lami, ya kwenda Likasi, mshale ulipopita 80 usukani ukashikwa na homa. Nikipunguza, inaisha. Nikirudi 80, inarudi.

Gereji ya kwanza hawakuinua hata gurudumu moja. “Papa, amortisere zote mbili zimekufa.” Mombasa wanaiita shokomzoba, sisi amortisere, na kote ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Lakini amortisere iliyokufa ina dalili zake: gari hunesanesa baada ya tuta, mafuta hulowesha mwili wake. Mtetemo unaochagua mwendo ni kesi ya gurudumu, iwe rimu imepinda au risasi ya balansi imeng’oka. Ukiusikia mikononi, tafuta mbele. Ukiusikia kwenye kiti, tafuta nyuma.

Gari likivuta upande mmoja, pima upepo kabla ya kulipia paralelismu, yaani alaimenti. Ikiwa linakwenda sawa huku usukani umekaa pembe, huenda kuna mkono wa usukani uliopinda. Ko-ko-ko kwenye kila tuta ni rotile (boljointi) au bushi. Mwenye hila ni beringi: mvumo wake, unaobadilika ukikata kona, waweza kuja baada ya wiki nzima, shimo lenyewe umeshalisahau.

Fundi wa pili alikuwa mzee, gereji yake kivuli cha mwembe. Alipiga jeki, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Hapo likicheza, beringi au rotile imelegea. Akashika kushoto na kulia, akitafuta mikono ya usukani. Kimya. Akalizungusha polepole, akainama, akapenyeza bisibisi upande wa ndani wa rimu. Bonge la udongo mwekundu, gumu kama tofali, ukubwa wa ngumi, likaanguka.

“Papa, umebeba Musumba mpaka huku?”

Nilicheka, kwa aibu kidogo. Kwa mwendo wa 80 gurudumu huzunguka mara 9 au 10 kila sekunde, na ngumi ile ilikuwa ikizunguka nalo, nzito upande mmoja. Nilikuwa karibu kununua amortisere mbili kwa sababu ya tope lililokauka.

Nikatoa pochi. Yeye akaomba maji. Aliosha ndani ya gurudumu, mahali ambapo mimi barabarani sikuinama kupatazama, akapapasa ubavu wa tairi kwa kiganja, akauita mkono wangu. Palikuwa na uvimbe kama yai. Ukingo wa shimo ulikuwa umelibana tairi dhidi ya rimu na kukata nyuzi za ndani. Upepo ulikuwa umeshikiliwa na ngozi ya mpira tu. Tairi hilo halikutetemeka, halikuvuta, halikulia.

“Hili halizibwi,” alisema. Tulifunga la akiba. Lile la zamani akalilaza chini, akatoa kisu na kulichana ubavu wote, asije kijana wake akamuuzia mtu.