Mafenesi ya Mbale: karatasi kwanza, mzigo baadaye

Fenesi lililokomaa huiva siku 3 hadi 10 baada ya kuchumwa. Kwa anayenunua Mbale na kuvuka Malaba kwenda Kenya, kila siku ya kusubiri mpakani inakula faida.

Mzigo wa mazao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa katika orodha iliyokubaliwa, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili, kinachotolewa mpakani. Hapo ndipo wengi hukosea: hudhani karatasi zote hupatikana hapo hapo. Cheti cha afya ya mimea cha Uganda na kibali cha kuingiza mimea cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa mimea, vinatakiwa kabla mzigo haujaondoka.

Shambani chagua lililokomaa lakini bado gumu, likatwe na kikonyo chake, wala lisibwagwe kwenye gari. Likianza kunukia njiani, uza kwa vipande Tororo. Nyama huliwa mbichi, na mbegu huchemshwa au kuchomwa. Bei ya vipande ni afadhali kuliko kumwaga mzigo.